Nafasi Tatu za Wazee

Mzee Liberatus alikuwa amezikwa tangu Machi, lakini Jumatano hiyo asubuhi alikuwa na kikao Iringa mjini.

Mjukuu wake, Matilda, aliteremka kwenye basi la Kilolo pale Ipogolo. Akaingia kwenye mgahawa wa Mama Damari, kando ya barabara kuu, akakaa karibu na dirisha. Mkononi alishika simu ya babu yake.

"Kamwene, dada. Chai?"

"Kamwene, mama. Ya rangi."

"Na chapati?"

"Hapana. Haitashuka."

Damari alimtazama vizuri. "Una mgonjwa?"

"Nawasubiri wazee wangu."

"Basi hao watataka ya maziwa," Damari akasema, akaenda zake.

Yote yalianzia kwenye mkutano wa kijiji. Kampuni moja ya parachichi ilikuwa inaomba kuvuta maji ya chemchemi iliyo juu ya shamba la babu, chemchemi ambako kijiji kizima kinachota. Matilda alisimama akauliza: kiangazi kikija, watu watakunywa nini? Mwenyekiti Aroni alicheka kwanza.

"Wewe Matilda, si juzi tu tulikuwa tunakukimbiza na fimbo uende shule? Kaa chini, mwanangu. Bado unanuka maziwa."

Mkutano ukaangua kicheko. Akakaa.

Babu alikuwa kitandani siku hizo. Matilda akamweleza. Alichukua simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja kwenye kundi lake la WhatsApp, la wazee wa Iringa na Mbeya waliokuwa wakijadili siasa na mambo ya maji. Wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Aliandika, "Wazee wenzangu, chemchemi yetu," kisha akachoka. Hakuimalizia sentensi.

Baada ya matanga, Matilda aliikuta ile sentensi bado inasubiri. Akaimalizia yeye, kwa maneno yaleyale aliyochekewa mkutanoni. Hakuongeza hata moja. Akatuma.

"Umenena, mzee," akajibu Mzee Ambokile wa Mbeya, papo hapo. "Hayo ni maneno ya mtu aliyeona mengi."

"Shikamoo, Mzee Liberatus," akaandika Bibi Veneranda wa Nyololo. "Nimesoma nikalia."

Matilda aliona aibu kuamkiwa na bibi mzima. "Shikamoo na wewe, mama," akajibu haraka. Ambokile naye akawaamkia wote wawili. Ikawa ndiyo kawaida yao, kila mmoja anamwahi mwenzake kwa shikamoo, na marahaba haina mwenyewe.

Alitaka kutangaza msiba. Kila jioni alitaka. Lakini kila jioni alikuwa na neno moja zaidi kuhusu chemchemi, na akiutangaza msiba, neno hilo lingerudi kuwa la mtoto. Kwa hiyo babu yake aliendelea kusema. Kitu alichokiogopa ni ujumbe wa sauti tu, na bahati nzuri hata wale wenzake wawili hawakuupenda. Ambokile alisema meno yamemwisha. Veneranda, kifua kinambana.

Kisha ofisi ya maji ikaita kikao cha mwisho kabla ya kutoa kibali. Kundi, lililokuwa limeiandikia ofisi kupinga, lilipewa nafasi tatu. Ofisi ikapendekeza moja iwe ya kijana.

Hapo ndipo Matilda alipojifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Ambokile aliwaka. "Kijana atasema nini cha kusikilizwa? Wasubiri zamu yao." Veneranda akamuunga mkono: "Watatuaibisha hao." Kundi zima likamsubiri Mzee Liberatus. Matilda aliona kwamba akiwatetea vijana atashtukiwa. Akaandika: "Nakubali. Vijana bado."

Majina yakapelekwa ofisini: Liberatus, Ambokile, Veneranda. Asiyekuwemo haingii. Wakapatana wakutane Ipogolo kwanza, wapande mjini pamoja.

Sasa angewaambia nini? Kwamba miezi yote hii walikuwa wanajadiliana na marehemu? Kukimbia alikuwa amewaza, alfajiri, kabla ya kupanda basi. Lakini asipokwenda mtu akapinga, kibali kinatoka leo, na mabomba yanapita juu ya kaburi la babu, palepale shambani. Limebaki jambo moja. Atapiga magoti mbele yao hapahapa, awaombe radhi, kisha awasihi wakaingie bila yeye na kuyasema yale maneno. Wamsute wanavyotaka. Wao wana mvi. Wao watasikilizwa.

Chai ilipoa. Kila mlango ulipofunguka alinyanyua kichwa, na hakuingia mzee hata mmoja. Ndani kulikuwa na watu wawili tu aliowakuta. Kwenye meza ya kona alikaa msichana mwenye sweta la shule, amekumbatia begi. Karibu na mlango kulikuwa na kijana mwenye kofia ya timu, mguu wake ukitikisika bila kupumzika. Mbele yake kulikuwa na kikombe ambacho hakukigusa.

Muda ulikuwa unakwisha. Matilda akaandika kwenye kundi: "Wazee wangu, nimefika. Niko kwa Damari, dirishani."

Akatuma.

Simu ya msichana ikalia ndani ya begi. Ya kijana ikatetemeka juu ya meza.

Kisha kijana akasimama taratibu na kuvua kofia.

"Shikamoo," akasema, "Mzee Liberatus."