Njia ya Pembeni

"Umemfuta mama!" dada alipiga kelele, nami, fundi mzima wa studio, nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimerekodi ngoma juu ya wimbo wa mwisho wa marehemu.

Halafu nikaiona taa ya njia ya pembeni, ule ukanda mwembamba ukingoni mwa utepe unaobeba nakala hafifu ya sauti ya kutusaidia kutafuta mahali. Njia hiyo ina kitufe chake cha kurekodi, na leo, kwa uvivu wangu, sikukigusa. Taa haikuwaka; huko mama hakufutwa!

"Dada, nyamaza! Nyamaza kidogo!"

Nikaurudisha utepe mwanzo, nikaifungua njia ile peke yake. Mikwaruzo. Kikohozi tunachokijua. Kisha mama akauliza, "Mwanangu, una hakika umebonyeza vitufe vyote?"