Karatasi kwa Miungu Mitano

Karatasi ya tano ilikuwa ndani ya bakuli la Budha wa Tiba, imekunjwa mara nne kama zile nyingine. Mlinzi wa makumbusho alipoiona alitamka neno ambalo halitamkwi mbele ya miungu, seuze mbele ya watoto wa shule waliokuwa wamejipanga nyuma yake.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Ni jino linaniuma."

Halikuwa jino. Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Tangu yafunguliwe maonyesho ya miungu ya tiba, kila siku ya kazi, mchana watu wakijaa, mtu asiyejulikana aliacha karatasi tano. Moja kwenye fimbo ya Asklepio wa Wagiriki, pale nyoka alipojizungusha. Moja chini ya chungu cha Dhanvantari wa Wahindi. Moja kwa Gula, mungu wa kike wa Babeli, katikati ya miguu ya mbwa wake. Moja mapajani kwa Sekhmet mwenye kichwa cha simba, ambaye mlinzi alimwita Mama Mkali. Ya mwisho kwa Budha. Ama mtu huyu hakuwa na dini, ama alikuwa nazo zote.

Na mwandiko sasa! Mlinzi aliigeuza karatasi juu chini, akaisogeza kwenye mwanga. Wapi! Kuku akikanyaga wino huandika vizuri zaidi.

Alizipeleka nne ofisini kwa bosi wake. Ya tano ilibaki mfukoni kwa sababu ya hasira tu.

"Leo tena?" bosi aliuliza, bila kuvua miwani.

"Leo tena. Bosi, na lile ombi langu la kesho? Mke wangu anapasuliwa saa mbili asubuhi. Nataka nikae nje ya mlango tu, basi."

"Sanamu hizi ni za kuazima. Wenyewe wakikuta doa la wino, mimi na wewe ndio tutaulizwa. Niletee huyo mtu wako, nikupe kesho, na keshokutwa nikuongezee."

"Mtu wangu tangu lini?"

"Ukumbi ni wako, mtu ni wako."

Mlinzi alitoka amevimba. Hebu fikiria: hospitali iko ng'ambo ya barabara, ukisimama dirishani unaiona wodi ya wanawake, halafu mtu unanyimwa kwenda! Na kosa si lake. Alikwishamshuku bibi mmoja mwenye fimbo, akamshuku kijana wa mkoba mkubwa, akamshuku hata mfagiaji, wakanuniana siku mbili. Jana alijibanza nyuma ya Mama Mkali saa nzima, akaambulia vumbi na chafya.

Saa kumi na moja jioni, muda wa kuona wagonjwa, alivuka barabara.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, anachana nywele. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitoa dawa kwenye dirisha la hospitali hii hii, hata manesi walimwita Mama Dirisha zaidi kuliko jina lake. Sasa zamu yake ya kulala ilikuwa imefika. Uvimbe wenyewe haukuwa mkubwa, lakini ulikaa ubavuni mwa uti wa mgongo. Kisu kikiteleza kidogo tu, mtu hatembei tena.

"Daktari amepita?"

"Amepita. Kasema tusiwe na wasiwasi. Kazi hii anaifanya hata akifumba macho."

Mlinzi aliguna. Hakumpenda yule daktari. Bingwa, sawa, watu wanatoka mbali kuja kumpangia foleni. Lakini juzi mlinzi alimpa mkono wa salamu, na bingwa akaiacha mikono yake humo humo mifukoni mwa koti, akamjibu kwa kichwa. Maringo ya kisomo.

"Kesho utakuwepo lakini?" mkewe aliuliza.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. "Sijui! Nimeomba, nimenyimwa, kisa huyu mpuuzi wa karatasi! Mfa maji haachi kutapatapa, najua, lakini si akatapatape kwingine? Na sisi tuna wagonjwa wetu!" Aliichomoa ile ya mfukoni, akaitupa juu ya blanketi. "Tazama. Mwandiko wenyewe, hata aliyeuandika hausomi."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka kuangalia. Mlinzi akaona haya, akakaa.

Mkewe aliikunjua karatasi, akaitupia jicho, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka siku ile.

"Baba watoto, wewe ndiye hujui kusoma. Mbona imeandikwa vizuri tu?"

"Unausoma?"

"Nimekula kwa kusoma vitu kama hivi."

"Basi soma, mama, soma! Kama kuna jina humo, namfuata sasa hivi. Nikimpeleka kwa bosi, kesho niko nawe."

Mkewe aliileta karibu na macho. Kicheko kikakatika. Midomo ilicheza kidogo bila sauti, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Vipi?" mlinzi alisema. "Imeandikwa nini? Ni nani?"

Mkewe alitazama mlangoni, kisha akasoma polepole, neno moja moja, kama alivyozoea kuwasomea wazee dozi zao:

"'Kesho saa mbili asubuhi nampasua Mama Dirisha. Mkono wa kulia umeanza tena kutetemeka. Yeyote kati yenu aliyepo kweli, anishikie.'"