Kikao cha Watu Wawili

Mzee Nchagwa alisalimu kikao kizima na, kama kawaida ya siku hizi, hakuna aliyeitikia. Majina yote yalikuwepo kwenye kompyuta yake: Simba wa Natta, Dada wa Sirari, Mchungaji Asiye na Ng'ombe. Wenyewe walikwishaondoka miaka mingi, tena bila kuaga.

Jukwaa hilo la mtandaoni liliitwa Kikao cha Jioni. Faridu alilianzisha enzi zile ana duka la intaneti Nyamisangura, watu wakipanga foleni wapate nusu saa ya kuandika. Waliandika watu wa Tarime na Mugumu, wakaandika na wana wa Mara waliotawanyika hadi Muscat na Kanada. Walibishana juu ya mpira, dawa ya kupe na mahari mpaka mtu akasahau kwenda kula. Kisha zikaja simu janja, watu wakahamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako mtu akikuamkia anakutumia picha ya maua, na akikukumbuka ujue kuna mchango wa harusi. Nchagwa alijaribu huko wiki moja, akatoka. Alisema kelele zipo, mazungumzo hakuna.

Kikaoni alibaki yeye na mtu mmoja, aliyejiita Mgeni.

Mgeni alijiunga baada ya msiba wa Bhoke, mke wa Nchagwa, wakati mzee alipokuwa akijiandikia peke yake kama mtu anayeongea na ukuta. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimkaribisha, na kweli akapona kidogo. Hakujua Mgeni anakaa wapi. Kichwani alimpa sura ya karani mstaafu mwenye kitambi na koti zito, yuko mbali huko kwenye baridi. Kila jioni walizungumza: mvua, magoti, jinsi marehemu alivyokuwa akicheka. Ila Mgeni alikuwa na tabia moja ya kuudhi, kuaga ghafla mazungumzo yakiwa yamekolea, eti ana kazi.

Nyumbani mzee hakuwa na wa kuongea naye. Mwanawe Waitara alikuwa dereva wa kambi ya watalii Ikoma, na alirudi kwa nadra. Aliyekuwepo ni Beatrice, mke wa Waitara, na Mkurya aliyelelewa akaleleka hapigi soga na mkamwana wake. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Beatrice akileta chakula huweka mlangoni, hukohoa, huondoka. Mzee husubiri nyayo zipotee ndipo afungue. Ilikuwa nyumba ya watu wawili, na zilipita siku nzima hakuna lililosikika humo ila kikohozi hicho.

"Mkamwana wangu naye kutwa yuko simuni huko jikoni," aliwahi kumlalamikia Mgeni. "Vijana wa siku hizi wamekwisha."

"Wamekwisha kabisa, mzee," Mgeni alijibu.

Mwanzoni mwa wiki Faridu, ambaye sasa ana duka la vifaa vya umeme Mugumu, alibandika tangazo: Ijumaa jioni Kikao kinafungwa, hawezi kuendelea kuwasha taa ya ukumbi wenye watu wawili. Nchagwa alimpigia simu hapo hapo.

"Shikamoo, mzee," Faridu alisema, kwa sauti ya mtu anayejua anachopigiwa.

"Marahaba. Sasa ukifunga, mimi nitaongea na nani?"

"Si umwombe huyo Mgeni namba yake, muwe mnapigiana?"

Jioni hiyo Nchagwa akamwomba Mgeni namba. Aliponyimwa, akaomba wakutane, popote pale, na mbuzi atachinja.

"Haiwezekani, mzee," Mgeni aliandika. "Siku tukionana ndiyo siku tutakayonyamaza."

Jibu lile lilimuuma. Alidhani amemchosha mtu wa watu kwa habari za magoti.

Ijumaa jioni alikaa mbele ya kompyuta akiwa ameoga na kuvaa koti lake la kanisani, kama anakwenda kuzika. Mgeni alikuwepo.

"Mzee, kama kuna neno limebaki, liseme leo."

Nchagwa aliandika polepole, kidole kimoja kimoja. "Lipo. Humu nimezoea kumlalamikia mkamwana wangu, lakini tangu Bhoke aondoke sijalala njaa. Asubuhi nakuta maji ya kuoga ya moto. Nilipougua malaria alikesha kwenye kigoda nje ya mlango wangu, nikisikia anapiga mbu. Angeweza kwenda kukaa na mumewe Ikoma, hakwenda. Nataka kumwambia asante, mwanangu. Lakini mimi ni mkwe wake, na mdomo huu hauwezi kufunguka mbele yake. Nitakufa na hilo neno moyoni, ndugu yangu, na linaniuma."

Alituma. Jibu halikuja. Nje giza lilikwishaingia, na chakula siku hiyo kilichelewa. Mzee aliona aibu kwa aliyoyasema, kisha akaingiwa na hofu kwamba Faridu amekwishafunga kabla neno lake halijasomwa. Hakutaka kuondoka pale kwenye kiti. Hata kikohozi kiliposikika mlangoni hakuinuka, macho yalibaki kwenye kompyuta mpaka nyayo zikapotea kuelekea jikoni.

Ndipo Mgeni akajibu, kwa mara ya mwisho.

"Amesikia, baba. Fungua mlango ule, ugali unapoa."