Shamba la Kuazima

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amelikata jibu la Magreti kwa peni nyekundu, kwa nguvu, mpaka karatasi ikachanika.

“Dhamira ya riwaya hii ni mapenzi, niliwaandikisha kwenye notisi,” alisema mbele ya Kidato cha Nne kizima. “Wewe umeandika woga. Woga wa nani?”

“Wa yule bwana mwenye ardhi.” Magreti aliupitisha ukucha kwenye mpasuko wa karatasi. “Alimwazima mkulima shamba alime ngano, mkulima akapanda mitufaha. Ngano unavuna, unaondoka. Mwenye miti haondoki, ardhi inakuwa yake. Ndiyo maana akamfukuza.”

“Waingereza hawana mambo hayo. Hayo ni yenu nyie wakuja. Nani kakufundisha?”

Darasa zima likainamia madaftari.

“Baba yako, mwalimu. Alituazima shamba kule Nandagala tulime ufuta, baba yangu akapanda mikorosho. Siku baba yako alipokuja kuikata, wewe ndiye uliyembebea shoka.”

Peni ilikuwa bado mkononi mwa mwalimu, wino mwekundu ukimtambaa kidoleni.

Magreti akamsukumia mwalimu karatasi.

“Naomba usahihishe upya.”