Mwogeleaji wa Bafuni

Chubwi. Kisha kimya.

Drahomira alisimama gizani mlangoni mwa bafu, moyo ukimdunda. Saa kumi tu jioni, mkesha wa Krismasi, na nje giza la majira ya baridi limeshameza theluji. Taa hakuiwasha, mgeni hakupenda mwanga.

Chubwi nyingine. Akashusha pumzi. Yu hai.

Mwaka jana mgeni aliwafia humohumo bafuni, siku ya pili tu. Mama mkwe wake, Alojzia, alisema klorini ya maji ya bomba ndiyo iliyomuua, na tangu hapo hakuna jirani ambaye hajasimuliwa. Safari hii Drahomira aliapa: huyu atafika mezani.

Si alikuwa mtunza maji wa bwawa la kuogelea la mji sasa, baada ya masomo yote yale ya jioni, mtoto akimlalia mapajani? Alichota maji kwenye kichupa, akadondosha dawa ya kupimia, akakimulika kwa simu aliyoifunika nusu kwa kiganja. Kule bwawani alitafuta rangi ya waridi hafifu: ikikolea, watu wanatoka macho mekundu, ikipotea, wanatoka na vipele. Lakini huyu hakuvumilia klorini hata chembe. Kwa hiyo alikuwa akiyalaza maji kwenye ndoo usiku kucha ili klorini ipae hewani, anapima, ndipo anammiminia taratibu.

Mumewe, Vendelin, aligonga mlango. "Draha! Siku ya tatu hii sijaoga. Nanuka kama kondoo!"

"Kaoge kwa dada yako."

"Mimi mwenye nyumba nikaoge kwa watu, yeye ajinyooshe kwenye beseni langu la kuogea?"

"Shusha sauti, anashtuka."

"Mpelekee na taulo basi!"

Drahomira alikiinua tena kichupa. Alikikodolea macho. Maji yalibaki meupe pe, bila waridi hata la kusingizia.

Alipiga magoti. Mgeni alikuwa ametulia, mnene, masharubu yake yakielea, mdomo ukifunguka na kujifunga kama mtu anayetafuta neno la kushukuru.

"Umepona, babu wee," alimnong'oneza, machozi yakimlenga. "Safari hii umepona."

Mlango ukafunguka. Bintiye mdogo, Dorotka, alikuwa amekumbatia sinia kubwa kumzidi.

"Mama, bibi anasema mafuta yameshapata moto, umlete samaki wetu wa Krismasi."