Mnyaa wa Languida

Tingatinga lilikuwa limeshawashwa, na Théoneste amelala chali mbele ya meno yake.

Dereva Kwizera alizima injini, akachungulia. Alimwuliza kama pombe ya jana haijamtoka kichwani. Théoneste alijikaza palepale. Mkono mmoja ulikuwa umekumbatia shina la mnyaa uliosimama peke yake katikati ya nyasi.

"Mi sina kosa, muzee," Kwizera alisema. "Nimeambiwa nichimbe hapa. Bendera si hiyo unaiona?"

Aliiona. Ndiyo iliyomlaza chini.

Huo ulikuwa uwanja wa gofu, lakini si ule wa kutembea. Hapa Nyamyumba wateja walisimama kwenye kibaraza juu ya ziwa, wakapiga mipira kuelekea nyasi tupu, basi. Théoneste aliiokota. Siku hizi wateja walikuwa wamechoka: mtu anapiga ndoo nzima, mipira inapotelea majanini, wiki ijayo harudi. Ndipo meneja mpya, dada mmoja aitwaye Akaliza, alipoleta mpango. Lichimbwe bwawa, na ndani yake uelee mtumbwi mkuukuu kutoka Rubona, uliopakwa rangi. Atakayetumbukiza mpira mtumbwini apewe soda na brosheti, mshikaki wa mbuzi. Hata Théoneste alicheka aliposikia, yeye ambaye kucheka alikuwa amekusahau. Kisha akaona bendera ya kuchimbia imechomekwa wapi.

Akaliza alishuka kutoka kibarazani akikimbia, viatu mkononi.

"Muzee wangu, iko nini?"

Théoneste aliinuka, akajipangusa majani. Akamwambia kwamba hapo chini yuko Languida, mkewe. Kilima hiki kilikuwa shamba lao la ndizi. Wakubwa walipokuja kukichukua, waliapa kila kaburi litahamishwa. Wakahamisha yaliyojengewa saruji. Yeye saruji angeitoa wapi? Alikuwa amechomeka mnyaa kichwani pa mkewe, kama wafanyavyo wasio na kitu. Aliwaonyesha kwa kidole. Wakasema huo ni ua wa shamba, wakapitisha tingatinga, wakasawazisha kilima chote: ndizi, parachichi, nyumba, kila kitu. Halafu wakampa kazi ya kuokota mipira, wakataka awashukuru.

"Wale wa ofisini," alisema, "labda kwao watu hawafi."

Akaliza aliutazama uwanja, nyasi tupu kila upande. Alimwuliza taratibu alipajuaje mahali penyewe.

Théoneste akaupapasa ule mti. Mvua za kwanza tu baada ya mashine kuondoka, mnyaa ulichipua tena. Vijinyaa vilitokeza huku na huku kilimani, maana mti huo ukivunjika tawi, huota popote lilipoangukia. Lakini huu ulikuwa mnene kuliko yote, akaujua. Mingine aliing'oa kama magugu. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya wateja, huja kukaa hapa na kumpa mkewe habari: binti yao Umuhoza amejifungua, visamaki vya sambaza vimepanda bei. Humwomba radhi pia. Sanduku hakuweza kununua. Languida alishuka kaburini na rozari yake tu, ile ya plastiki ya bluu, ambayo msalaba wake ulipokatika Théoneste mwenyewe alimsokotea mwingine kwa waya.

Kwizera alikuwa ameshuka kwenye tingatinga. Alisimama akitazama vidole vyake.

Akaliza alivaa viatu vyake kimoja kimoja, kama aliyepata kitu cha kufanya.

"Mi baba yangu alibaki Masisi, kwenye vita," alisema. "Hata kaburi yake sijui iko wapi. Wewe uko na bahati, muzee. Wewe unajua."

Théoneste aliinamisha kichwa. Hilo hakuwa amewahi kuambiwa.

"Bon. Hapa hapachimbwi. Tutauzungushia maua, na mpira ukianguka kwenye maua, mutu anapoteza pointi. Watapaogopa." Akaliza aling'oa bendera, akamkabidhi. "Donc, basi, onyesha wewe mwenyewe. Bwawa liende wapi?"

Théoneste alishuka nayo polepole, akipima ardhi kwa miguu. Alitaka liwe mbali, kelele zisimfikie mkewe. Alipita sehemu yenye mawe, akapita ya mteremko, hadi akafika pale nyasi zilipokuwa laini, ambapo hapakuwa na mti, wala kisiki, wala alama yoyote. Akaichomeka kwa nguvu zake zote.

"Hapa hamna kitu," alimwambia Kwizera. "Chimba bila wasiwasi."

Akarudi kwenye mnyaa wake, akaketi chini kwa starehe ya mtu aliyeshinda kesi. Alimsimulia Languida yote: kwamba atapata maua, kwamba huyu dada hafanani na wale wengine, kwamba kumbe hata wakubwa mmoja mmoja wana moyo. Kule bondeni tingatinga lilikuwa likinguruma, meno yakiingia udongoni.

"Leo utasikia makelele," alimwambia. "Vumilia. Hawakugusi tena."

Tingatinga likanyamaza.

Alipogeuka, Kwizera alikuwa akipanda kilima polepole, kofia kaivua, mkono mmoja kaunyoosha mbele kama aliyebeba yai. Alipofika alichuchumaa mbele ya Théoneste. Alifungua tu kiganja, na katikati ya udongo mbichi ilikuwemo rozari ya plastiki ya bluu, na msalaba wake wa waya.