Mkono wa Kushoto

Kabla hawajapanda jukwaani, Zakia alimwambia, "Mwalimu, leo ndiyo mwisho wangu. Kesho naondoka na basi la asubuhi."

Mwalimu Dastani alikaa kwenye piano, akaanza muziki wa kale wa Kizungu, naye Zakia akautandikia mdundo wa chakacha kwa gitaa lake la besi. Ukumbi mzima ukaanza kutikisa mabega.

Walikuwa na kanuni yao tangu siku ya kwanza: besi haiachi mpaka mkono wa kushoto wa mwalimu uinuke. Jioni hiyo haukuinuka. Wimbo ulifika mwisho ukarudi mwanzo, ukafika tena, ukarudi tena. Watu walishangilia wakidhani ni ufundi. Vidole vya Zakia vilikuwa vinawaka moto.

"Mwalimu, nifungulie," alinong'ona.

"Kidogo tu, mwanangu," alisema mzee bila kumtazama.

Zakia aliliangalia begi lake pale mlangoni. Angeweza kuacha tu. Lakini kuacha kabla ya ishara ni kumwangusha mzee wa watu mbele ya kadamnasi, na hakulelewa hivyo.

Hatimaye mkono wa kushoto ukainuka, ukabaki hewani. Piano ikanyamaza. Makofi yakapigwa, kisha yakafifia, watu wakatazamana. Mwalimu naye akageuka, mkono ungali juu, kwa maana mdundo wa chakacha ulikuwa bado unaendelea, na Zakia alikuwa akivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.